Kiti cha Mtu Mmoja

Pikipiki ililetwa kwetu juu ya mkokoteni wa punda. Mwenyewe alitembea pembeni, viatu vimepigwa kiwi, ameshika karatasi moja iliyokunjwa, kama mtu anayesindikiza mgonjwa na cheti chake. Kaka yangu akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, tukacheka. Ilikuwa ya Kijapani, ya zamani, moja ya zile zilizobaki mashamba ya ngano yalipoanza kufa na kuuzwa vipande vipande. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti.

"Nataka iwe hivi," akasema, akaikunjua karatasi.

Ilikuwa picha iliyochanwa kwenye gazeti la nje. Mzungu amelala kifudifudi juu ya pikipiki nyembamba, kidevu kinakaribia kugonga tangi, matako juu. Haina madigadi ya maana, haina keria, haina hata pa kufungia debe la mahindi. Kaka aliuliza kama yule mzungu anaumwa tumbo.

"Hizi ni za mbio," akajibu. "Huko Ulaya vijana wanazitengeneza wenyewe. Wanatoka mgahawa mmoja wanakimbizana mpaka mgahawa mwingine."

"Kufanya nini?"

"Kunywa chai."

Nitamwita mteja. Jina lake nalijua vizuri, ila sitaki kulitia kinywani. Alikuwa mtoto wa mzee mwenye ng'ombe wengi upande wa Mogitu, amesoma sekondari Arusha, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni anapoongea naye. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Sisi ni wahunzi. Baba yetu alifua mikuki, kengele za ng'ombe na bangili za shaba kule Getanuwas, na baba yake alifanya hivyo hivyo. Kwa Wadatoga wenzetu mhunzi ni mtu anayehitajika na asiyetakiwa. Bila yeye mkuki wako hauchomi na mkeo hapendezi, lakini huli kwake, huoi kwake, na binti yako hata akose mume mpaka meno yamtoke hutampeleka kwake. Tunaoana wenyewe kwa wenyewe. Baba alipofariki, kaka alituhamishia Katesh, mimi na mama, akafungua karakana nyuma ya soko. Alianza na baiskeli, halafu pikipiki. Alidhani harufu ya grisi itafunika harufu ya mkaa. Watu walileta pikipiki zao, wakasimama nje ya mlango, wakangoja wakiwa wamesimama vilevile mpaka kazi ikaisha.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yalijaa vitu vya plastiki, mitumba ilifika mpaka kwa wachunga mbuzi, na redioni walianza kutuambia kwamba sisi si wa Arusha tena, tumepata mkoa wetu, Manyara. Kila kijana alitaka kuwa kitu kipya. Huyu wetu alitaka kuinama.

Tulianza na usukani. Ule wa kiwandani ulikuwa umesimama juu, na yeye aliutaka chini kama wa kwenye picha. Kaka akamwambia, "Bwana, barabara ya Babati ina mawe na makorongo. Ukiinama hivyo mgongo utakatika kabla hujafika Nangwa."

"Mgongo ni wangu."

"Mwache," nikasema mimi, nilikuwa nimekaa pembeni nang'arisha bangili. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mteja akacheka, akageuka. Wateja wengine walikuwa wananipita kwa macho kama wanavyopita mvukuto. Huyu akaokota vipande viwili vya usukani, kimoja kilichokatwa mabega na kingine kilichogeuzwa juu chini, akaviweka mbele yangu. "Wewe ungechagua upi?"

"Uliogeuzwa. Huo uliokatwa utafanana na mbuzi aliyevunjwa pembe."

Akauchukua uliogeuzwa. Kaka alinuna, maana ndiye fundi, lakini aliufunga.

Tangu siku ile hakuchagua kitu bila kuniuliza. Alileta taa ya mraba ya plastiki kutoka duka la Babati, mpya, bado imo kwenye mfuko wake. Nikamwambia aitupe. Kwenye chuma chakavu cha mashamba ya ngano kulikuwa na trekta limekaa bila magurudumu, lina taa ya duara yenye kioo kizito. Akaenda kuing'oa mwenyewe na kurudi nayo ameikumbatia kifuani. Rimu za chuma cha kumimina zilizokuwa zimeanza kuja mjini alizitamani, nikamwambia spoki ndizo zinazofanya gurudumu lionekane linakwenda hata likiwa limesimama. Akachagua spoki. Kwenye bomba la moshi tulibishana mpaka jioni. Kaka alitaka fupi, basi yaishe. Mimi nilisikiliza kila bomba likiungwa na pikipiki kuwashwa, na lile refu jembamba ndilo lilikuwa na sauti ya chini, ya kifuani. Mafupi yote yalikohoa tu.

"Mchagua jembe si mkulima," kaka akalalamika.

"Dada yako ana jicho," mteja akamwambia. "Wewe una nyundo tu."

Tangi lilikuwa nene. Kaka alilijaza mchanga, akalipiga taratibu pande zote mbili mpaka likapata mabonde ya kuwekea magoti, kama baba alivyokuwa akiikunja kengele. Mteja alichuchumaa karibu na mimi kuangalia. Alikuwa anakuja hata siku zisizo na kazi. Alikaa juu ya kigoda chetu. Nilimpikia chai, nikaiweka juu ya kigoda kingine, akakichukua kikombe, akanywa, akakirudisha pale pale, akaomba tena.

Hakuna mtu wa ukoo wa namna yake aliyewahi kunywa kitu ndani ya nyumba yetu. Niseme wazi, nilimpenda. Alikuwa na masikio makubwa na alijisifu kupita kiasi, na mtu mwingine angefanya hivyo ningemcheka mwezi mzima. Nilimpenda kwa kile kikombe. Nilianza kuamka mapema kufagia karakana, mimi ambaye mama alikuwa akiniita gogo.

Kisha tukafika kwenye kiti, kazi ya sindano, ambayo pale karakana ilikuwa yangu. Cha zamani kilikuwa kirefu, cha watu wawili. Alitaka kikatwe, kibaki cha mtu mmoja, na nyuma yake kiwekwe kinundu kama cha ng'ombe.

"Cha mtu mmoja ni ubahili," nikasema. "Na mkeo atakaa wapi?"

Nilisema kama utani, mbele ya kaka.

"Mke wangu atatembea kwa miguu," akajibu, "apunguze mwili."

Tulicheka wote, mimi kuliko wote. Mimi si mnene. Nilidhani ananitania kama kijana anavyomtania binti anayemtaka.

Mama yake alikuja mara moja tu. Alikuwa ameagiza bangili kwa kaka na alitaka kuona mwanawe anashinda wapi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba" huku akiangalia paa. Hakukaa. Kaka aliiweka bangili chini, juu ya kipande cha gunia, akarudi nyuma hatua chache. Hapo yule mama akainama, akaiokota. Viganja vyake viling'aa. Alikuwa amejipaka siagi kabla hajatoka kwake, maana uchafu wa mhunzi haupiti kwenye siagi. Mimi nimekua nikiona viganja vile. Ukiwa mtoto unadhani wanawake wa watu wenye ng'ombe wana mikono mizuri.

Mteja aliona kwamba nimeona. "Mama ni wa zamani," akaniambia baadaye. "Msamehe."

Nilimsamehe palepale. Ningemsamehe hata kama angenitemea mate.

Sasa nieleze habari ya ngozi, maana bila hiyo mtu wa mbali hataelewa tulivyokuwa wajinga. Mwanamke aliyeolewa wa kwetu alijulikana kwa sketi yake ya ngozi, yenye vishada virefu na shanga. Na upande wetu, kijana aliyemtaka binti, akiwa hana wa kumtuma, alichukua ngozi nzuri iliyolainishwa, akaiweka chini mlangoni kwa mama wa binti, akaondoka bila maneno mengi. Mama akiiacha hapo mpaka jua lizame, amekataa. Akiiokota, amekubali, na ndiye anayeanza kuikata sketi ya mwanawe.

Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Kaka alikuwa Babati kutafuta spoki. Niliporudi nilimkuta mama amesimama uani, ngozi ya dume mabegani mwake, laini kama kitambaa, analia bila sauti.

"Kijana wako ameiweka mlangoni," akasema. "Amesema, 'Mama, hii ni ya binti yako, anajua,' akaenda zake."

Mama alikuwa mjane. Alikuwa ameshajiandaa kunipeleka kwa mhunzi mmoja wa Getanuwas mwenye jicho moja na wake wawili. Aliichukua ile ngozi akaipaka siagi, siagi ya furaha mara hii, akaanza kuikata vishada siku ileile. Shangazi zangu walikuja kutoka Getanuwas kwa miguu, wakakaa uani, wakashona shanga, wakaimba nyimbo wanazoimbiwa wachumba. Mmoja alisema kwamba dunia imebadilika kweli, sasa hata wahunzi ni watu. Kaka aliporudi akauliza, "Lakini amesema?" Mama akamjibu kwamba ngozi haihitaji kusemewa. Kaka aliingia karakana akaipiga rangi ile pikipiki upya, ingawa ilikuwa imeshapigwa.

Na mimi? Mimi nilizunguka uani nikiangalia vishada vinaongezeka. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilianza hata kutembea polepole, kama mke wa mtu.

Mteja alikuja baada ya shangazi kuwa wameshamaliza upande wa mbele wote. Alisimama uani, akawasalimia wakubwa vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, wakaitikia huku wakitazamana na kubana vicheko. Kisha akaniuliza, "Kiti changu kimefikia wapi?"

Mama akaingia ndani, akatoka na sketi, akaikunjua mbele yake.

"Hii nini, mama?"

"Ni ile ngozi yako, mwanangu."

"Naona ni ngozi yangu. Umefanya nini? Hii ni ya nani?"

Mama akaninyooshea kidole. Alikuwa bado anatabasamu. Mteja akanitazama, macho kwa macho kama kawaida yake, akaiangalia sketi, akanitazama tena, na nikaona jambo linaingia kichwani mwake polepole. Akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti. Halafu akaviona vishada, akavishika kimoja kimoja, na kicheko kikaisha.

"Mmeikatakata! Ngozi ya dume la mzee! Nilileta ya kiti, mimi. Huyu si ndiye anayeshona?"

"Uliiweka mlangoni," mama akasema.

"Ningeiweka wapi? Si ndivyo tunavyowapa vitu nyinyi? Ningekupa mkononi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kikombe. Siku zote hizo kilikuwa juu ya kigoda, yeye anakichukua pale na kukirudisha pale. Hakuwahi kukipokea mkononi mwangu hata mara moja. Nilidhani ni adabu ya mtu aliyesoma.

"Wewe ni mtoto wa Kidatoga," mama akamwambia, sauti imeshuka. "Mila ya ngozi unaijua."

"Naijua," akasema. Wala hakuwa na hasira tena, alikuwa kama anamweleza mtoto. "Ni ya watu wanaooana, mama."

Nilimngoja kaka amshike shingo. Kaka ana mikono ya kuvunja mfupa wa ng'ombe. Alitoka karakana akijifuta kwa tambara, akasema, "Samahani bosi. Wanawake hawa. Kuna kipande kikubwa cha nyuma hakijakatwa, kiti kitatoka hapo."

Nilimwambia kaka maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Akayasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nataka turudi Getanuwas tukafue kengele za ng'ombe wa baba yake mteja huyo huyo. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Mama alikata uzi, shanga moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kopo. Shangazi waliondoka kabla ya chakula. Kufikia siku ya mnada habari ilikuwa imeshafika kila mahali, na wanawake wa sokoni wakaanza kuniita bibi arusi wa pikipiki. "Bibi arusi, nyanya hizi hapa! Au mwenzio anakunywa petroli tu?" Nilinunua nyanya zao zilizooza ili nisisimame pale kuchagua.

Kiti nilikishona. Nilikishona vizuri mno, kwa ubishi, mishono midogo iliyonyooka, kinundu cha nyuma kimejaa pamba na hakina kunyanzi hata moja. Nilitaka kila akikikalia aone alichokataa. Nilikuwa bado sijamjua. Alikikalia, akainama, akashika usukani niliouchagua, akamuuliza kaka kama anaonekana kama yule wa kwenye picha. Kaka akasema anaonekana hivyo hivyo. Pikipiki ikatoka uani kwa sauti niliyoichagua mimi, na niliendelea kuisikia mpaka ilipopita Mogitu.

Ilikuwa nzuri. Nisipolisema hilo nitakuwa mwongo. Ilikuwa nzuri kuliko chochote kilichokuwa kinatembea Hanang, na haikufaa kwa kitu chochote. Masika tope lilimrukia mgongoni mpaka kisogoni kwa sababu ya yale madigadi tuliyoyaondoa. Wachunga ng'ombe walimpigia mbinja alipopita ameinama. Watu wa mjini walisema kijana wa mzee fulani amenunua punda asiyebeba mzigo. Yeye alipita tu.

Alirudi baada ya mavuno. Niliisikia toka mbali na nikaingia ndani, kisha nikajiona mjinga, nikatoka. Alizima, akashuka, akatoa kamba ya katani mfukoni.

"Fundi, nataka kiti kiongezwe. Kiwe cha wawili."

Sitajitetea. Nilisimama mlangoni, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja niliamini. Nilimwona mama, aliyekuwa anapepeta mahindi, ameacha ungo hewani, nikajua naye ameamini.

"Urefu wake?" kaka akauliza.

Akainyoosha ile kamba. Ilikuwa na mafundo mawili. "Kutoka hapa mpaka hapa. Nimempima mwenyewe juu ya nguo, akawa anacheka. Ni binti wa Nangwa, kwao wana ng'ombe kutuzidi sisi. Amesema hawezi kutembea kwa miguu." Akanigeukia. "Dada, uzi uwe uleule. Ile kazi yako watu wanaisifia sana."

Ngozi safari hii aliileta kutoka dukani kwa mtu mwingine, imekatwa tayari kwa kipimo, ili wanawake wa hapa wasichanganyikiwe. Alilisema hilo bila ubaya, anatabasamu. Aliiweka chini.

Nilishona. Mama alikataa kunitazama nikishona. Kaka alirefusha fremu kwa chuma, akachomelea vikanyagio vya miguu vya abiria, akafunga kiti. Mteja alikuja siku ya kuchukua, akapanda, akasukuma chini kwa uzito wake, akasema springi za nyuma zitakuwa laini zikikaliwa na watu wawili na tairi litagusa juu. Kaka akasema ni kweli, shokapu inabidi zikazwe, lakini hawezi kujua akaze kiasi gani mpaka aone watu wawili wamekaa.

Wote wawili wakanitazama.

"Panda," kaka akasema. "Dakika moja tu."

Nilivuka uani. Nilipanda nyuma yake, miguu kwenye vile vikanyagio vipya, na kiti kikashuka chini yetu. Sikuwahi kukaa karibu naye hivyo. Shati lake lilikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia na moshi. Sikujua mikono niiweke wapi, nikaiweka mapajani mwangu. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma, na Mungu anajua, nilitamani kaka achelewe kuikaza ile nati.

Kaka alichuchumaa nyuma, spana mkononi, akaangalia. "Inatosha hivi?"

Mteja alijitikisa juu chini, na mimi nikatikisika naye. "Ongeza," akasema bila kugeuka. "Yule wangu ni mzito kidogo kumshinda huyu. Mpe kitu ashike."

Kaka akaangaza macho karakana nzima, akaokota nyundo kubwa ya kufulia chuma, akaniwekea mapajani. Niliishika kwa mikono miwili. Mbele yangu kulikuwa na kisogo cha mteja, kimenyolewa vizuri, karibu kabisa. Kaka akakaza, akaangalia, akakaza tena.

"Hapo sawa," mteja akasema. "Hapo ndiyo yeye kabisa. Shuka."

Nikashuka, nikamrudishia kaka nyundo yake.